Je, Edipode aliponzwa na majaaliwa au na kiburi?

Edipode, shujaa wa tamthilia ya Sofokile ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili, alihama Korintho ili asimuue babake. Msomaji wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yasiyo mbali na Mbarara, hataona kiburi katika kuikimbia shari. Aristotle naye alitaja kosa tu, mithili ya mshale uliokosa shabaha.

Kiburi kilijitokeza baadaye: Edipode alipomtukana Teiresia, mwaguzi kipofu, kwa kusema kweli.

Simulizi za Nkore na Bunyoro zinaijua hatari hiyo. Wachwezi walipompasua ng'ombe wakakosa matumbo, inasimuliwa, mwaguzi aliomba kwanza kuchanjiana damu nao, asije akauawa. Ndipo akatamka kwamba enzi yao imekwisha. Wakaondoka.