Mpelelezi, mpenzi wake na kiambishi ‘a-’

Msomaji mmoja wa safu hii, mwanafunzi wa isimu hapa Garissa, ameniuliza swali zuri: riwaya ya upelelezi ambamo mpelelezi ni mwanamke, na anayempenda pia ni mwanamke, ikitafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atakwama wapi? Najua wapo watakaokunja uso kwa mada yenyewe. Lakini swali ni la lugha, na tulijibu hivyo.

Riwaya za aina hiyo zipo. Mnamo 1984 Mmarekani Katherine V. Forrest alichapisha Amateur City, ambamo Kate Delafield, polisi wa Los Angeles, anachunguza mauaji. Mnamo 1987 Mskoti Val McDermid alitoa Report for Murder. Humo mwanahabari Lindsay Gordon anafuatilia mauaji katika shule ya wasichana huku akimpenda mwandishi Cordelia Brown. Kwetu nako upelelezi si mgeni. Mohamed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Faraji Katalambulla akaandika Simu ya Kifo (1965).

Tuanze na nafsi ya tatu. Kiingereza kina ‘he’ na ‘she’. Kisomali nacho hutofautisha: ‘wuu yimid’ ni mwanamume aliyekuja, ‘way timid’ ni mwanamke. Kiswahili? ‘Alikuja’, basi. Kiambishi ‘a-’ hakijali jinsia.

Kwa mwandishi wa upelelezi hiyo ni zawadi. Shahidi akisema, “Nilimwona akitoka kwake usiku, walikuwa wakipendana,” hajadanganya, ila msomaji atajijazia mwanamume kichwani. Kumbe sivyo! Lakini kwa mfasiri wa McDermid mambo ni kinyume, kwa sababu huyo hataki kuficha chochote. Sentensi kama “alimtazama, akatabasamu” itamchanganya msomaji: nani alimtazama nani? Mfasiri itambidi arudie majina, au aseme ‘mwandishi yule’, ‘mwanahabari yule’.

Kitenzi cha ndoa nacho kina mtego wake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamke akimwambia mwenzake “nataka kukuoa”, sarufi imekwisha kumfanya bwana harusi. Hapo ‘tuoane’ inafaa zaidi, maana kauli ya kutendana haimpi yeyote cheo.

Kazi kubwa iko kwenye nomino. ‘Msagaji’ limetokana na ‘saga’. Linataja kitendo, halitaji pendo, na mtaani hutumika kama tusi. Msimulizi akilitumia pale ambapo matini asilia haina tusi, amekwisha kutoa hukumu kabla mpelelezi hajamaliza kazi. Mhusika mwenye chuki akilitamka, liache. Hayo ndiyo maneno yake.

Halafu kuna ‘shoga’. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na neno halina doa. Siku hizi, hasa bara, wengi wakilisikia wanamwelewa mwanamume anayelala na wanaume. Hebu fikiria mwanamke wa Lamu akiandikisha taarifa kituoni: “Marehemu alikuwa shoga yangu.” Polisi asiyeijua lahaja hiyo ataandika nini? Katika riwaya, kosa hilo ni fununu tamu ya kumpoteza msomaji.

Nje ya riwaya si mchezo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu kile kinachokiita mahusiano kinyume cha maumbile, kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mwaka mmoja kabla, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana ilipigwa marufuku nchini. Jina lake ni Rafiki, neno lisilotaja jinsia wala aina ya pendo. Palipo na sheria kama hiyo, neno moja lililoandikwa vibaya kwenye taarifa ya polisi linaweza kumtia mtu matatani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi huyo ni huu. Katika usimulizi, tumia ‘mpenzi wake’ pamoja na jina. Katika mazungumzo, mwache kila mhusika aseme kwa lahaja yake na kwa ukali wake. Na ukifika kwenye ‘shoga’, jiulize kwanza: anayesema ni wa wapi, na anamwambia nani?