Sumbawanga: Mtaa Ujilinde Bila Kumwaga Damu

Jina la mji wa Sumbawanga, kwa lugha ya Kifipa, lina maana ya kutupa uchawi. Mgeni apandaye kutoka Tunduma huambiwa maana hiyo kabla hajashusha mizigo yake, na mara nyingi huambiwa kwa utani. Lakini ndani ya utani huo limo swali zito kwa kila mtaa unaotaka kulala salama: mwovu hutambuliwaje, na ni nani mwenye haki ya kumhukumu? Kufuli na komeo tutazizungumzia, ila swali hilo ni kubwa kuliko kufuli.

Ufipa haikuwa nchi ya fujo. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu wenyeji wake kwa utulivu na bidii ya kilimo. Wafipa walikuwa na desturi ya kujenga vijiji vya nyumba zilizosongamana, jirani akikohoa unamsikia. Katika kijiji cha namna hiyo mwizi wa kuku alikuwa na kazi kubwa, kwani hapakuwa na mtu asiyejulikana ni mtoto wa nani na amelala wapi jana.

Hali hiyo imebadilika, na wala hapana sababu ya kumlaumu mtu. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu milioni 1 na kitu kidogo. Katika sensa ya mwaka 2022 walipita milioni 1.5. Barabara ya Tunduma, iliyowekwa lami katika miaka ya 2010, imeleta mabasi, malori na biashara. Majengo, Chanji, Kizwite na Katandala ni mitaa ambamo leo nyumba moja yaweza kuwa na wapangaji watano, nao hawajuani hata majina. Mgeni si mwizi, na ni dhuluma kumtazama kila mgeni kwa jicho la mwizi. Ila mahali ambapo watu hawajuani, mwizi hupita mchana kweupe akiwa amebeba godoro la mtu, nasi tukamsalimu tukidhani anahama.

MSIMU WA MAVUNO

Wakazi wa uwanda wa juu waijua vema miezi ya Juni na Julai. Baridi huwa kali, upepo huvuma, na watu hujifungia ndani mapema. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo magunia ya mahindi na maharage yamo ndani ya nyumba, au yameuzwa na fedha zake zimo chini ya mto. Njia tupu, milango imefungwa, mali imo ndani: mwizi atake nini zaidi?

Kwa hiyo, mama mwenye nyumba, na wewe baba, anzeni na yaliyo karibu. Fedha za mavuno zisihesabiwe sokoni mbele ya macho ya watu, wala zisilale nyumbani kama kuna benki au simu ya kuzitunzia; namba ya siri ya simu hiyo haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijidai ni mtumishi wa kampuni. Komeo la ndani ni bora kuliko kitasa kizuri chenye ufunguo uliotolewa nakala na mpangaji aliyehama. Baiskeli na pikipiki zilale ndani, na namba zake ziandikwe katika daftari, kwa maana mali isiyo na alama ni vigumu kuidai kituoni. Ng'ombe wa kulimia watiwe alama. Apandaye bodaboda usiku amchague dereva ajulikanaye kijiweni, na amwambie mtu wa nyumbani kwamba yu njiani. Mtoto asipewe ufunguo wa kuning'iniza shingoni, kwani ni kutangaza kuwa nyumbani hakuna mtu mzima.

Hayo yote ni ya nyumba moja moja. Yana faida, lakini nyumba moja haiwezi kujilinda peke yake.

KUTOKA NYUMBA KUMI HADI SUNGUSUNGU

Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake. Mgeni akifika, mjumbe alipewa habari. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi amebaki kuwa kiongozi wa Chama, na mambo ya serikali ya mtaa yako mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake. Hata hivyo, hekima ya nyumba kumi haikuhitaji kadi ya mtu. Ilihitaji mtu mmoja anayejua nani analala wapi. Mwenye nyumba anayepangisha chumba bila kumpeleka mpangaji wake kwa mwenyekiti wa mtaa anakwepa dakika kumi za kazi, nao majirani wote wanalipia uvivu wake.

Sungusungu walizaliwa kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na ujambazi ulioongezeka baada ya vita vya Kagera, walijipanga wenyewe kwa filimbi, pinde na mishale, wakajiita kwa jina la wale sisimizi weusi waumao kwa pamoja. Wafugaji waliohamia bonde la Rukwa wanaujua utaratibu huo vizuri. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo ili kuyatambua majeshi hayo ya jadi, na tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi limekuwa likihimiza ulinzi shirikishi chini ya mpango wa Polisi Jamii. Fimbo ya mbali haiui nyoka; askari wa kituoni hawezi kuwa katika kila uchochoro.

Doria njema ina daftari. Zamu huandikwa, majina hujulikana kwa mtendaji na kituo cha polisi, na walinzi hutembea watu kadhaa kwa pamoja, wakiwa na tochi na filimbi, bila pombe. Mchango wa fedha ukikusanywa hutolewa risiti. Doria isiyo na daftari huanza kwa kulinda, na baada ya miezi michache huanza kuwadai wapita njia fedha za soda. Hapo mtaa una wezi wa aina mbili.

KELELE ZA "MWIZI!"

Tufike sasa penye uchungu. Kelele za "mwizi!" zikipigwa usiku, watu hutoka na marungu kabla hawajajua nani kaiba nini. Magazeti huandika kwamba mtu fulani ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe. Aliyelishika ana jina, na mbele ya sheria aweza kushtakiwa kwa kuua. Tena hutokea aliyelala pale chini akawa mlevi aliyekosea mlango, au mgonjwa wa akili.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa raia uwezo wa kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mtuhumiwa akabidhiwe akiwa hai, pamoja na kitu alichokamatwa nacho, na aliyemwona awe tayari kwenda mahakamani siku ya kesi. Tunalalamika mno kwamba wezi wanaachiwa. Shahidi asipofika, hakimu amfunge mtu kwa ushahidi wa nani?

Na hapa jina la mji linarudi. Mwaka 1963 na 1964 Ufipa ilipitiwa na wimbi la Kamchape, vijana waliojidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha kwa dawa. Hadi miaka ya karibuni watu wa namna hiyo, wengine wakiitwa lambalamba, wamezunguka vijiji vya magharibi mwa nchi, wakizitoza kaya fedha na kuwanyooshea wazee vidole. Wanakuja kwa sura ya walinzi wa jamii, lakini hawana shahidi wala kizibiti. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, inamtia hatiani hata amtajaye mwenzake kuwa mchawi. Imani hizo hizo ndizo zilizowaponza watu wenye ualbino, ambao katika mkoa huu walishambuliwa na kukatwa viungo mwaka 2013 na mwaka 2015, watoto wakiwamo.

Basi wanaopanga zamu za doria wasiishie kwenye maduka na maghala. Waziandike katika daftari nyumba yenye mtoto mwenye ualbino na nyumba ya bibi aishiye peke yake mwisho wa mtaa, na wapitie huko kwanza. Bibi huyo azijue sauti za vijana wa zamu, kila mmoja kwa jina lake, ili usiku atakapogongewa na wengine asifungue, apige kelele, na majirani watoke kwa ajili yake.