Galaksi Yenye Boriti, Kusini mwa Anga la Tororo

Wakaao Busia na Tororo, wawe upande wa Kenya au wa Uganda, wamejaaliwa neema ambayo wanafalaki wa Ulaya huitamani, nayo ni kuishi karibu mno na ikweta hata nyota za kaskazini na za kusini zote huwapitia katika mwaka mmoja. Katika kundinyota la Fornax, yaani Tanuri, imo galaksi kubwa iitwayo NGC 1365, ambayo London huchungulia kwa shida juu ya upeo wa macho, ilhali Tororo, katikati ya Januari, yapata saa tatu za usiku, hupanda kupita nusu ya njia ya kufikia utosi wa mbingu. Haionekani ila kwa darubini na giza la kweli. Nalo giza hilo litafutwe mashambani, mbali na taa za malori yanayokesha mpakani.

Mwanafalaki James Dunlop ndiye aliyeigundua, mwaka 1826, akiwa Parramatta, Australia. Nuru yake husafiri miaka ipatayo milioni 56 kabla ya kutufikia, maana yake iliondoka huko wakati hata Mlima Elgon, uonekanao kutoka Tororo asubuhi za anga safi, ulikuwa haujazaliwa.

Lakini ajabu inayonishika hasa ni umbo lake. Katikati umenyooka mkusanyiko mnene wa nyota, mithili ya boriti iliyolazwa juu ya kuta, na katika ncha zake huanzia mikono miwili mirefu yenye kujipinda. Boriti hiyo si pambo: izungukapo, mvuto wake huzipotosha njia za gesi na vumbi, ambavyo hugongana, vikapoteza mwendo na kuporomoka kuelekea kitovuni, na huko nyota changa huzaliwa kwa wingi, na sehemu ya gesi humezwa na shimo jeusi lenye uzito wa majua yapatayo milioni 2. Mwaka 2013, kwa kupima miali ya eksirei, wataalamu walitangaza kwamba shimo hilo huzunguka kwa kasi inayokaribia kikomo cha nadharia ya Einstein.

Galaksi yetu nayo ina boriti, ila sisi tuliomo ndani yake hatuwezi kuiona kwa ukamilifu. Ndiyo sababu mojawapo ya NGC 1365 kuchunguzwa kwa bidii kubwa.

Asiye na darubini na asikate tamaa. Katikati ya Januari hiyo hiyo, yapata saa tano za usiku, aelekee kusini na kunyoosha mkono, apime ngumi mbili juu ya upeo wa macho: hapo ataliona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo yenye boriti yake, iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi.