Siku za kungoja kabla ya kupanda ndege ni sehemu ya tiba

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana. Moja yasema kuwa subira huvuta heri, na ya pili yajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mambo mengi ya dunia kila mtu hujichagulia ile impendezayo. Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo uchaguzi huo haufai kufanywa kwa mapenzi wala kwa kutazama mfuko. Nalo ni siku ambayo mgonjwa aliyepasuliwa kichwa ili aondolewe uvimbe wa ubongo aweza kupanda ndege kurudi kwao.

Swali hili si la watu wa mbali. Kwa miaka mingi Wakenya wamekuwa wakivuka bahari kwenda India kutafuta tiba ya maradhi mazito, uvimbe wa ubongo ukiwamo. Jamaa huitisha harambee, marafiki wakachanga, na tiketi ya kwenda na kurudi ikanunuliwa kwa pamoja kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyo rahisi. Tarehe ya kurudi basi huandikwa kabla mgonjwa hajaonana na daktari atakayempasua. Tarehe hiyo ndiyo ninayotaka tuitafakari, hasa walimu na wanafunzi, maana hatari iliyofichika ndani yake inaelezwa na somo ambalo hufundishwa madarasani mwetu kila mwaka.

Fuvu la kichwa ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Daktari anapolifungua fuvu, sehemu ya maji hayo humwagika, ubongo hunywea kidogo, na hewa huingia kuijaza nafasi iliyobaki wazi. Mfupa unaporudishwa na ngozi kushonwa, hewa hiyo hubaki ndani. Hilo si kosa la daktari, bali ni jambo la kawaida katika upasuaji wa namna hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika siku mbili za kwanza kila mgonjwa aliyepigwa picha alikuwa na hewa ndani ya fuvu. Kufikia siku ya saba, walikuwa nayo watu watatu kati ya wanne, katika juma la pili takriban sita kati ya kumi, na katika juma la tatu mmoja hivi kati ya wanne. Mwili huifyonza hewa hiyo polepole pasipo kuhitaji dawa, mradi upewe wakati.

Hapa ndipo anapoingia Robert Boyle, mtaalamu wa Uingereza aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1662. Kila mwanafunzi wa fizikia amewahi kuikariri: hewa ikibaki katika joto lile lile, mgandamizo unapopungua, ujazo wake huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Sasa, ndege ya abiria hupaa hadi futi 35,000 au zaidi, na mitambo yake huisukuma hewa ndani ya chumba cha abiria ili watu waweze kupumua. Lakini hewa hiyo haifikishwi katika mgandamizo wa pwani. Huachwa kama ile ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000.

Tufanye hesabu. Mgandamizo wa hewa ufuoni mwa bahari ni milibari 1,013, na katika kimo cha futi 8,000 ni takriban milibari 753. Mgonjwa aliyepasuliwa Mumbai, mji ulio kando ya bahari, akiwa na mililita 30 za hewa ndani ya fuvu, hewa hiyo yaelekea kufikia mililita 40 ndege itakapokuwa angani. Tumboni, mililita 10 zaidi zingemfanya mtu acheue tu. Ndani ya sanduku la mfupa lisilotanuka, hewa hiyo haina pa kwenda ila kuukandamiza ubongo ambao tayari umevimba kwa sababu ya upasuaji. Matokeo yaweza kuwa maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu, na hata kifo, nako huko juu hakuna chumba cha upasuaji.

Hesabu hiyo hiyo yatupa funzo jingine linalotuhusu sisi wakazi wa nyanda za juu. Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya bahari, na mgandamizo wake ni kama milibari 830. Mgonjwa aliyepasuliwa Nairobi akiwa na mililita 30 zile zile atafikia mililita 33 tu angani, kwa kuwa tangu mwanzo hewa yake iliingia ikiwa nyepesi. Kinyume chake, mgonjwa anayetoka Mombasa au Mumbai na kupelekwa kwa gari hadi Nyahururu, ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, atakuwa amepanda kimo kile kile cha chumba cha ndege hata kama hakuiona ndege yenyewe. Yafaa pia ikumbukwe kuwa ndege ndogo za aina ya Caravan, zirukazo kutoka uwanja wa Wilson, hazina kabisa mitambo ya kutunza mgandamizo. Safari fupi, kwa hiyo, si lazima iwe salama kuliko ndefu.

Je, mtu angoje siku ngapi? Mwongozo wa kitabibu wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, haumkubali mgonjwa moja kwa moja kusafiri katika siku 9 za kwanza baada ya upasuaji wa fuvu. Kuanzia siku ya 10 aweza kukubaliwa, kwa masharti mawili: fuvu liwe halina hewa, na mwenyewe awe amepata nafuu ya kutosha. Madaktari wengi wa upasuaji huwa waangalifu zaidi, wakataja majuma mawili hadi sita kulingana na ukubwa wa upasuaji na hali ya mgonjwa. Jambo la kushika hapa ni kwamba kalenda peke yake haitoshi. Kinachokata shauri ni picha ya skani inayoonyesha kama hewa ingalimo, na neno la daktari aliyeisoma.

Isitoshe, hewa siyo hatari pekee. Uvimbe wa ubongo huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, na kuketi kwa saa sita kutoka Mumbai hadi Nairobi huuzidisha uwezekano huo. Mgonjwa amuulize daktari kuhusu soksi za kubana na dawa ya kuzuia damu kuganda, asijinunulie mwenyewe. Kifafa nacho ni jambo la kuangaliwa: mwongozo wa IATA haumkubali mtu moja kwa moja kusafiri kabla ya saa 24 kupita tangu aliposhikwa na kifafa kikali. Dawa zake zikae katika mkoba wa mkononi, na saa za kuzimeza zipangwe upya, kwani India imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Aliyepasuliwa kwa kupitia puani ana tahadhari yake pia. Akiona maji meupe yakidondoka puani, asipande ndege wala asipenge kamasi kwa nguvu, bali arudi hospitalini mara moja.

Wapo watakaosema kuwa natisha watu bure. Watataja kwamba mwaka 2008 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa ripoti ya wagonjwa 21 waliosafirishwa kwa ndege wakiwa na hewa ndani ya fuvu, na hakuna aliyezidiwa kwa sababu ya safari hiyo. Ni kweli, na ripoti hiyo yatuonyesha kuwa hatari si hukumu ya kifo. Lakini wagonjwa wale walisafirishwa chini ya uangalizi wa wauguzi, pamoja na vifaa vya kuokolea maisha. Abiria aliyebanwa katikati ya viti vitatu, na nduguye asiyejua dalili za hatari kando yake, hana kinga kama hiyo. Hata ndege za wagonjwa zenyewe, inapobidi, huombwa zitunze mgandamizo wa hewa ya pwani kwa kuruka chini zaidi.

Kwa maoni yangu, basi, yako mambo matatu yanayowezekana hata kwa jamaa asiye tajiri. Kwanza, kamati ya harambee iingize katika bajeti yake gharama ya majuma ya kungoja: chumba, chakula, na tiketi ambayo tarehe yake yaweza kubadilishwa bila faini kubwa. Pili, mgonjwa asitoke hospitalini bila barua inayotaja siku ya upasuaji, matokeo ya picha ya mwisho, dawa anazotumia, na siku anayoruhusiwa kuruka. Barua hiyo ionyeshwe kwa shirika la ndege mapema, wala si kwenye foleni ya uwanja. Tatu, mgonjwa asimfiche daktari namna anavyojisikia kwa kuwa amechoka na ugeni.

Nanyi walimu, mna nafasi ambayo daktari hana. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni ya Boyle kwa mfano wa bomba la sindano ataisahau mtihani ukiisha. Aliyeielewa kwa mfano wa fuvu la binadamu ataikumbuka siku shangazi yake atakapopiga simu kutoka ng'ambo akisema tiketi yake ni ya kesho. Huenda yeye ndiye atakayeuliza swali ambalo wakubwa wamelisahau: je, daktari ameitazama picha?