Bilauri za Nakshi: Yapi Kweli, Yapi Uzushi?

"Jina la mtu lililochongwa hushusha thamani ya bilauri."
Si kweli, na huu ndio uzushi unaoniuma kuliko yote. Mwaka 1796 daraja la chuma lilifunguliwa juu ya Mto Wear mjini Sunderland, Uingereza. Mafundi wakaanza kulichonga kwenye bilauri nene za mguu mfupi: tao la daraja, meli ya matanga ikipita chini yake, na mara nyingi herufi za jina la mwenyewe. Kwa herufi hizo tunajua kwamba kabla ya kuwa pambo la kabatini, chombo hiki kilikuwa na mtu wake, aliyetaka kijulikane kuwa ni chake. Anayezikwepa bilauri zenye majina anaukimbia uhondo wenyewe.

"Kioo kikiwa cha kale, nakshi nayo ni ya kale."
Si kweli. Franz Tieze, fundi wa Bohemia aliyehamia Dublin katika karne ya 19, alichonga nakshi za kisiasa za zama zilizopita kwa ustadi uliowapotosha wakusanyaji. Chukua lenzi. Bilauri iliyotumika sana hujaa mikwaruzo midogo midogo. Mchongo ukiikata mikwaruzo hiyo, umekuja baadaye. Mikwaruzo ikipita juu ya mchongo, hiyo ni dalili njema.

"Uchongaji ulikuwa kazi ya wanaume wa karakana."
Si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 17, mshairi Anna Roemers Visscher wa Amsterdam alichora kwenye bilauri, kwa ncha ya almasi, maua, wadudu na mwandiko wake mwenyewe wenye madaha. Bilauri kama hizo zilifaa kupewa rafiki, na kila mstari una mkono wake ndani.

"Kioo cha kale hutiririka polepole."
Si kweli. Vioo vya madirisha ya makanisa makongwe vilivyo vinene upande mmoja, ambavyo hutajwa kama ushahidi, vilitoka hivyo kwa fundi.

"Divai isilazwe kwenye chupa ya kristali ya kale."
Kweli kabisa. Tangu miaka ya 1670, George Ravenscroft alipotia madini ya risasi katika kioo cha Uingereza, kristali ikawa na mng'ao na ikachongeka kwa urahisi. Lakini risasi hiyo huingia kidogo kidogo katika kinywaji kinachokaa humo siku nyingi. Mimina wakati wa kula, usilaze kinywaji humo, kisha osha kwa mkono na maji ya vuguvugu. Mashine ya kuoshea vyombo hufifisha kioo.