Yai Halipendi Hewa Safi

Pale Benaco, kata ya Kasulo, malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Rusumo, mfugaji mmoja aliniuliza: "Daktari, hivi hawa ndama wa chupa wana nguvu kweli ya kupanda vilima vyetu?"

Alimaanisha uhimilishaji. "Mzee wangu," nikamwambia, "mbegu za fahali kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River huingizwa kwa mrija. Yai halitoki nje. Linakomaa humo humo ndani ya ng'ombe." Kwenye urutubishaji wa maabara chupa ipo, ila ni ile ya chai: ovari kutoka machinjioni husafirishwa ndani yake, kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Yai linalofyonzwa kutoka kwenye ovari hiyo bado ni bichi. Linahitaji saa 22 hadi 24 katika nyuzi joto 38.5, joto la mwili wa ng'ombe, ili litoe nusu ya kromosomu zake. Chini ya hadubini, seli zilizolikumbatia zinakuwa zimebana kama punje kwenye gunzi. Kesho yake zimefumuka kama povu. Likipigwa na baridi, nyuzi zinazopanga kromosomu husambaratika, na kulipasha joto tena si lazima kuzirudishe zilivyokuwa.

Nimechoka kusikia kwamba maabara ikiwa safi na yenye hewa ya kutosha, basi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Kwenye mrija wa uzazi haifiki hata nusu ya hapo. Oksijeni ikizidi, kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, huungua polepole kwa kemikali kinazozalisha chenyewe, ndiyo maana wengi hukitunza kwenye asilimia 5. Kaboni dioksidi nayo si chakula chake: inazuia kiowevu kinamokuzwa kisipoteze kiwango chake cha asidi. Kila anayefungua mlango wa kiatamizi "achungulie kidogo" anavuruga gesi zote mbili.

Ukomazaji huu wa maabara haujaishia kwa ng'ombe; umefika hadi kwa faru. Tarehe 22 Agosti 2019, kule Ol Pejeta, Kenya, yalitolewa mayai 10 ya faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani: matano ya Najin, matano ya bintiye Fatu. Yakasafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Avantea, Cremona, Italia. Saba yalikomaa, matatu ya mama na manne ya binti, kila moja likadungwa mbegu moja iliyokuwa imegandishwa. Viinitete vikapatikana viwili, vyote vya Fatu.

Maabara ile ile, mikono ile ile, lakini umri tofauti. Fatu alizaliwa mwaka 2000, mama yake 1989. Oktoba 2021 watafiti walitangaza kwamba Najin hatatolewa mayai tena.