Jamaa akiomba apitishie hela kwenye laini yako, kataa

Nyakanazi. Hapa ndipo barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo zinakutana. Malori yanapita, mahindi na ng'ombe wanauzwa, na hela inazunguka.

Ukienda benki na hela nyingi unaulizwa: imetoka wapi? Wengi wanaona wanadharauliwa. Ukweli ni kwamba mhudumu analazimika kuuliza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inazitaka taasisi za fedha zimjue mteja: ni nani, anafanya kazi gani, hela anapata wapi. Muamala ukitia shaka, unaripotiwa ndani ya saa 24 kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu (FIU). Wewe mteja hutaambiwa. Kukutonya ni kosa.

Ugaidi unaingiaje?

Anayetakatisha fedha anaficha hela ilikotoka, mfano rushwa au dawa za kulevya. Kwenye ufadhili wa ugaidi, kinachoangaliwa ni inakokwenda. Hela inaweza kuwa jasho la mtu kabisa, tena kidogo, lakini ikitumwa kwa magaidi ni kosa.

Oktoba 2022, chombo cha kimataifa kinachosimamia mambo haya, FATF, kiliiweka Tanzania kwenye "orodha ya kijivu" ya nchi zenye mapungufu. Tulitolewa Juni 2025. Kubaki nje kunategemea maswali hayo hayo ya dirishani.

Ufanye nini?

1. Usimwazime mtu laini, akaunti wala namba yako ya NIDA, hata akikuahidi "ya soda". Hela ikiwa chafu, jina la kwanza kuonekana ni lako. Na kesi za utakatishaji zinajulikana kwa kukosa dhamana: watu wamekaa mahabusu miaka wakisubiri.

2. Unavuka Rusumo au Kabanga na noti zinazozidi dola 10,000, au thamani hiyo kwa shilingi? Zitaje forodhani. Kuzibeba si kosa, kosa ni kuzificha.

3. Tunza risiti za mauzo, kibali cha mifugo au mkataba wa shamba. Kuweka hela vipande vipande ili usiulizwe kunaongeza shaka.

Kuulizwa hakumaanishi umeshukiwa. Toa karatasi zako, jibu, endelea na biashara.